Mekanika ya Miezi ya Kusubiri

Kijana wa Kitanzania akishamaliza mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, hana shule mpaka Julai. Katika miezi hiyo matokeo yatatoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule, watatangaza waliochaguliwa, na nguzo za umeme mitaani zitajaa matangazo ya tuisheni ya kujiandaa na Advansi, yaani kidato cha tano na sita. Karibu matangazo yote yanaahidi jambo moja: kumaliza mada nyingi za kidato cha tano kabla shule hazijafunguliwa. Wazazi wanavutiwa na ahadi hiyo, na ninawaelewa. Kijana akikaa nyumbani miezi yote hiyo, simu itammaliza.

Mimi nafundisha fizikia hapa Morogoro, na kila msimu huo nachukua kikundi kidogo cha vijana waliochagua PCM (fizikia, kemia, hesabu), PCB (fizikia, kemia, baiolojia) au PGM (fizikia, jiografia, hesabu). Ninawafundisha mekanika peke yake, yaani sehemu ya fizikia inayohusu mwendo na kani, kusukuma na kuvuta. Umeme hatuugusi, joto hatuligusi, mawimbi hatuyagusi. Hata ndani ya mekanika yenyewe hatwendi mbali: mwendo katika mstari ulionyooka, kani, momenta, nishati, na kidogo mwendo wa kitu kilichorushwa. Wazazi wananiuliza, kwa haki kabisa, mbona jirani kamaliza mada sita na wewe bado uko kwenye jiwe linaloanguka? Jibu la kusimama mlangoni halitoshi, ndiyo maana naandika hapa kwa kirefu.

Fizikia ya kidato cha nne, kwa jinsi inavyoulizwa na inavyofundishwa sehemu nyingi, inamzoesha mwanafunzi mwendo wa hatua tatu: andika data, andika fomula, weka namba. Swali linakuja limeshatafunwa. Linakwambia uzito, linakwambia muda, linakuuliza kasi. Mwenye kumbukumbu nzuri na kikokotoo anatoka na A yake, na hakuna wa kumlaumu, kwa sababu amefanya alichoambiwa.

Kidato cha tano kinabadilisha mchezo wiki za mwanzo tu. Swali linasema hivi: kuna bonge la mbao juu ya mteremko wenye msuguano, limefungwa kamba inayopita kwenye roda, na upande wa pili linaning'inia bonge jingine, je, mfumo utakwenda upande gani, na kamba imekazwa kwa kani kiasi gani? Hakuna data iliyopangwa. Fomula unayoijua ni moja tu, ile ya Newton (kani ni tungamo mara mchapuko), na lazima uamue mwenyewe uitumie wapi, kwa kitu kipi, na ukihesabu kani zipi. Hapo ndipo vijana wenye A wanapokwama, wanaanza kutafuta fomula ya "bonge mbili na roda" ili waikariri. Wakiipata wanaikariri kweli. Mtungaji wa mtihani akiongeza roda ya pili, kila kitu kinaanguka.

Na mekanika haiishi na mada yake. Ukienda kwenye umeme tuli utakuta vidonge viwili vyenye chaji vimening'inizwa kwa nyuzi, vinasukumana. Ili upate chaji lazima kwanza uchore kani tatu zilizo kwenye kila kidonge. Ukienda kwenye usumaku utakuta chembe inazunguka duara, na unaulizwa nusu kipenyo chake. Satelaiti, maji yanayopita kwenye bomba, molekuli za gesi zinazogonga kuta za chombo: kote huko ni Newton yule yule amebadilisha nguo. Mwanafunzi aliyeshika mada sita juu juu atalazimika kurudi hapa, na atarudi akiwa amechelewa, katikati ya muhula, huku mwalimu wake ana mada kumi nyingine za kukimbiza kabla ya mtihani wa Mei wa kidato cha sita.

Swali ninaloanza nalo ni hili. Nimerusha jiwe juu, wima. Limeshatoka mkononi na bado linapanda. Taja kila kani iliyopo kwenye jiwe hilo.

Wengi wanajibu kani mbili. Ya kwanza mvutano wa dunia, unaolivuta chini. Ya pili "nguvu ya mkono", inayolipeleka juu. Wanaeleza kwa ufasaha kabisa: nguvu ya mkono inapungua kidogo kidogo, ikilingana na mvutano jiwe linasimama, ikishindwa jiwe linarudi. Nikiuliza mchapuko wa jiwe, yaani kiasi ambacho velositi yake (kasi pamoja na upande linakoelekea) inabadilika kila sekunde, pale linapofika juu kabisa, wanasema sifuri. Wenye A nao wanasema sifuri.

Jibu hili nalipa heshima yake mbele ya darasa, kwa sababu lina ukoo mkubwa. John Philoponus, aliyeishi Alexandria katika karne ya 6, alisema mrushaji anakiachia kitu kani fulani inayokaa ndani yake. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 karibu na Bukhara, alilichukua wazo hilo akalipeleka mbali zaidi, akasema kitu kilichorushwa kina mwelekeo uliotiwa ndani yake ambao hauishi wenyewe. Unamalizwa na vizuizi vya nje kama hewa, na katika utupu kitu hicho kisingesimama. Ukisoma hilo taratibu utaona amekaribia sana mahali ambapo Newton alifika mwaka 1687. Jean Buridan wa Paris naye, katika karne ya 14, alifundisha jambo la namna hiyo. Kwa hiyo binti wa Kihonda, hapa hapa Morogoro, anayesema nguvu ya mkono bado imo ndani ya jiwe anafikiri kama walivyofikiri watu wenye akili kubwa kwa karne nyingi. Kosa la namna hiyo haliondoki kwa kuandika sheria tatu za Newton ubaoni na kusema nakili. Atanakili, atazikariri, na ataendelea kuamini nguvu ya mkono.

Linaondoka kwa mabishano ya polepole. Nawapa kanuni moja: kani haizururi peke yake, lazima iwe na mwenyewe. Kila mshale unaouchora kwenye mchoro wako uandikie majina mawili, nani anasukuma au kuvuta, na nani anasukumwa au kuvutwa. Mshale wa kwenda chini: dunia inavuta jiwe. Sawa. Mshale wa kwenda juu: mkono unasukuma jiwe? Mkono uko wapi sasa hivi? Umeshashuka, labda umeshaingia mfukoni. Basi nani? Hapo darasa linaanza kugawanyika, na hapo nanyamaza. Wanabishana wao kwa wao kwa Kiswahili, kwa sauti, kama wanavyobishania mpira, na hakuna dakika za darasa ninazozithamini kuliko hizo.

Kisha ule mchapuko wa juu kabisa. Tuchukue jiwe limerushwa kwa mita 20 kwa sekunde, na tukadirie kwamba dunia inapunguza mita 10 kwa sekunde katika kila sekunde. Baada ya sekunde moja velositi ni 10. Baada ya mbili ni sifuri, jiwe liko mita 20 juu. Baada ya tatu ni hasi 10, baada ya nne ni hasi 20, jiwe limefika mkononi. Kila sekunde imeondolewa 10, na hakuna sekunde iliyosamehewa. Nawauliza: kama pale juu velositi ni sifuri, na mchapuko nao ni sifuri, nini kingetokea sekunde inayofuata? Safari moja kijana aliyekaa nyuma, ambaye alikuwa hajasema neno tangu tuanze, akajibu, "Basi lingebaki hapo hapo juu, mwalimu." Darasa zima liligeuka kumtazama.

Haya si mapenzi yangu tu kwa polepole. Mwaka 1992 David Hestenes wa Arizona State University na wenzake walitoa jaribio la maswali ya kuchagua kuhusu kani, lisilo na hesabu hata moja: lori na gari dogo, mpira unaozungushwa kwa kamba, kitu kinachodondoshwa kutoka kwenye ndege. Eric Mazur, profesa wa Harvard, aliwapa wanafunzi wake jaribio la Hestenes la namna hiyo akiwa na hakika watalimaliza kwa urahisi. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vipi: kulingana na alivyofundishwa, au kulingana na jinsi yeye mwenyewe anavyoyafikiria mambo hayo? Ukilitafakari swali hilo utaona ugonjwa wote. Fizikia ilikuwa imewekwa kwenye kabati moja, dunia anayoishi kwenye kabati jingine.

Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000 wa Marekani, wa sekondari na wa vyuo, waliopimwa mwanzoni na mwishoni mwa kozi ya utangulizi ya mekanika. Darasa lililofundishwa kwa mwalimu kusema na wanafunzi kuandika lilipata kwa wastani chini ya robo ya kile lilichokuwa limebakiza kukijua. Madarasa ambamo wanafunzi walibishana, walitabiri na kujaribu kwa mikono yao yalipata karibu nusu. Nusu yenyewe si nyingi, na hilo linanifundisha kwamba jambo hili ni gumu kila mahali, kwenye maabara zenye kila kitu na kwenye darasa lenye chaki tu. Lakini tofauti kati ya robo na nusu ni kubwa, na haikutokana na kukimbiza mada.

Baada ya jiwe tunakwenda kwa lori na bajaji. Lori lenye mzigo, tani 40, linagongana uso kwa uso na bajaji ambayo pamoja na watu wake ina nusu tani. Nani amempiga mwenzake kwa kani kubwa? Darasa zima linasema lori, na baadhi wanashangaa kwa nini naliuliza swali la namna hiyo. Nikisema kani ni sawa sawa, wanaona namtukana marehemu.

Tunalifanyia hesabu. Kani ni ile ile, lakini inafanya kazi kwenye tungamo mbili zinazopishana mara 80, basi mchapuko nao unapishana mara 80. Lori likipoteza kilomita 1 kwa saa ya mwendo wake, bajaji inabadilishiwa mwendo kwa kilomita 80 kwa saa katika kufumba na kufumbua. Dereva wa lori anahisi mtikisiko. Aliye kwenye bajaji mwili wake unalazimishwa kubadili mwendo kwa kiasi ambacho mifupa na ubongo haviwezi kustahimili. Walichokuwa wanakiona vijana, kwamba madhara hayalingani, ni kweli tupu, na sitaki wakiache. Nataka watenganishe vitu viwili walivyokuwa wamevifunga pamoja: kani, na kile ambacho kani hiyo inamfanyia kila mmoja.

Sheria hii ya tatu ya Newton, kwamba ukikisukuma kitu nacho kinakusukuma kwa kani sawa upande wa kinyume, ndiyo inayokaririwa kuliko zote na kueleweka kidogo kuliko zote. Chukua kitabu kimetulia juu ya meza. Mwulize mwanafunzi yeyote: mwenzake wa uzito wa kitabu, kwa sheria ya tatu, ni upi? Atasema ni meza inayosukuma kitabu juu. Si kweli. Tumia kanuni ya majina mawili: uzito ni dunia inavuta kitabu, kwa hiyo mwenzake lazima awe kitabu kinavuta dunia. Meza inasukuma kitabu, mwenzake ni kitabu kinasukuma meza. Jozi mbili tofauti. Kani ya meza na uzito wa kitabu zinalingana hapa kwa sababu nyingine kabisa, kwamba kitabu kimetulia. Kiweke kitabu hicho kwenye lifti inayoanza kupanda na hazilingani tena, huku sheria ya tatu iko pale pale. Mzazi anayetaka kujua kama tuisheni anayolipia ina faida, asihesabu kurasa za daftari. Amwulize mwanawe swali la kitabu na meza, na amsikilize anavyoeleza.

Maabara sina. Nina bomba la PVC la inchi 4, nimelipasua katikati kwa urefu, kipande cha mita 2. Nina gololi, na nina simu yenye programu ya kugonga kila sekunde kama saa ya ukutani. Ncha moja ya bomba tunaiinua sentimita 10 kwa matofali na vitabu. Mmoja anaachia gololi pamoja na mlio wa kwanza, wengine wanaweka alama ya chaki pale gololi ilipo kila mlio unaofuata. Mara za kwanza alama zinakuwa hovyo, mikono inachelewa, kila mtu anamlaumu mwenzake. Tunarudia mpaka alama zinaanza kuangukia karibu na mahali pamoja, na hapo tayari wamejifunza makosa ya vipimo, ambayo ni mada ya mwanzo kabisa ya kidato cha tano, bila kuitaja kwa jina.

Sekunde ya kwanza gololi inakwenda kama sentimita 17 na nusu. Ya pili kama 52. Ya tatu kama 87. Nawaambia wagawanye zote kwa ile ya kwanza. Wanapata 1, 3, 5. Huwa naona uso wa mtu ukibadilika pale namba zisizo na mpangilio zinapogeuka kuwa witiri zilizopangana. Galileo aliuona mpangilio huo huo akitumia mteremko na mpira wa shaba, mwanzoni mwa miaka ya 1600, akauchapisha mwaka 1638 akiwa na miaka 74. Saa ya sekunde hakuwa nayo; aliachia maji yatiririke kutoka kwenye chombo na kuyapima uzito, maji mengi yakimaanisha muda mrefu. Mteremko aliutumia kwa sababu ile ile tunayoutumia sisi: kitu kinachoanguka wima kina haraka mno kwa jicho na mkono, mteremko unakipunguzia haraka bila kubadilisha tabia yake.

Sasa kuna jambo ndani ya bomba hilo ambalo ndilo linalonifanya nilipende kuliko kifaa chochote cha dukani. Mteremko wa sentimita 10 kwa mita 2, ukifuata hesabu ya kitu kinachoteleza bila msuguano, unatakiwa utoe mchapuko wa mita 0.49 kwa sekunde katika kila sekunde. Yaani sekunde ya kwanza gololi ingekwenda sentimita 24 na nusu. Yetu imekwenda 17 na nusu. Vijana wanasema mara moja: msuguano umeila. Ni jibu linalokubalika, basi tulijaribu. Tunaleta gololi kubwa zaidi, inapata kile kile. Tunaleta mpira wa chuma uliotoka kwenye beringi kuukuu ya gereji, mzito mara nyingi zaidi, nao kile kile. Upotevu huu haujali ukubwa wala uzito, na ukiupima vizuri unakaribia sehemu mbili za saba kila mara. Msuguano wa kukwaruza usingekuwa na nidhamu ya namna hiyo.

Sehemu iliyopotea imeingia kwenye kujizungusha. Gololi haishuki tu, inabingirika, na kubingirika kunataka nishati yake. Kwa nini ni sehemu mbili za saba hasa, na si robo au theluthi, siwaambii. Jibu liko kwenye mada ya mzunguko wa vitu vigumu, mbele kabisa ya mekanika ya kidato cha tano, ambayo ndiyo mada inayoogopwa kuliko zote. Nataka waende Julai wakiwa na deni nayo, wakiisubiri kwa hamu. Mmoja alinitumia ujumbe kutoka bweni, mwezi wa tisa, wenye mistari minne ya hesabu na mwishoni 5/7 imezungushiwa duara. Hakuandika hata salamu.

Pendulamu tunaifanya pia, kamba ya mita moja na jiwe, kwa sababu inapenda kutokea kwenye mtihani wa vitendo. Bembea 20 zinachukua sekunde 40 na kidogo, na ukifanya hesabu unapata mvutano wa dunia karibu na 9.8. Huwa naongeza tu kwamba huku kwetu karibu na ikweta ni takriban 9.78, wakati kwenye ncha za dunia ni 9.83, kwa sababu dunia inazunguka na imetuna katikati.

Hesabu inayotakiwa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, lakini iliyopo lazima iwe mkononi kama kijiko. Sini na kosini za pembe, bila kusita ni ipi ya upande upi. Kuvunja mshale mmoja kuwa miwili, mmoja wa kufuata mteremko na mmoja wa kuusimamia. Na grafu. Mteremko wa grafu ya umbali na muda ni velositi, eneo chini ya grafu ya velositi na muda ni umbali. Akilijua hilo kwa macho, siku kalkulasi inapoingia atakuta ni jambo analolijua limepewa alama mpya. Hili ni muhimu hasa kwa wa PCB, ambao watasoma BAM (Basic Applied Mathematics, hesabu ya msingi) badala ya hesabu ya juu, na mara nyingi kalkulasi inawafikia kwenye fizikia kabla haijawafikia kwenye hesabu. Wanaanza kujiona si watu wa fizikia, wakati tatizo ni ratiba tu.

Somo la breki ndilo nalitumia kuwafungulia kwamba hesabu hizi zinahusu maisha yao. Gari likifunga breki vizuri kwenye lami kavu, tuseme linapoteza mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Kutoka kilomita 50 kwa saa litasimama ndani ya mita 19. Kutoka 80, ambayo ndiyo mwisho wa basi la abiria nje ya mji, litahitaji mita 49. Ongeza sekunde moja ya dereva kushtuka na kuhamisha mguu: mita 33 kwa la kwanza, 72 kwa la pili. Kasi haijafika hata mara mbili na umbali umezidi mara mbili. Kisha nawapa treni ya SGR, reli ya kisasa, inayopita hapa kwetu kwenda Dodoma, kilomita 160 kwa saa, ikipunguza mita 1 tu kwa sekunde katika kila sekunde ili abiria wasianguke. Wanapata karibu kilomita nzima. Hapo ndipo wanaelewa uzio wa reli ile ni wa nini.

Mabishano yote tunayafanya kwa Kiswahili, na majibu ya mwisho tunayaandika kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo mtihani utakavyokuja. Nimeona mara nyingi mtoto akinyamaza swali likiulizwa kwa Kiingereza, na likirudiwa kwa Kiswahili anatoa hoja ambayo mwalimu angeona fahari kuitoa. Hoja ikishasimama, kuivika sentensi za mtihani ni kazi ya jioni chache.

Kipindi cha mwisho kila msimu nakiacha kwa mlima Kitonga. Barabara hii inayopita Morogoro ikienda Iringa, Mbeya na Zambia inabeba malori mchana na usiku, na yote yanayorudi kutoka huko lazima yashuke ule mlima. Tunachukua lori la tani 40 na kulishusha mita 100 za wima. Nishati inayotakiwa iende mahali ni jouli milioni 39, ya kutosha kuchemsha ndoo sita za lita 20. Hiyo yote ikiingia kwenye breki, breki zinawaka. Kisha nauliza: dereva akishuka taratibu, kilomita 20 kwa saa badala ya 40, joto linapungua? Wanapiga hesabu na kuona halipungui hata kidogo, kimo ni kile kile. Basi kwa nini madereva wanashuka taratibu, kwa gia ndogo? Kwenye mteremko wa mita 5 kwa kila 100, kwa 40 breki na injini lazima vitupe kilowati 218, kwa 20 ni 109. Joto ni lile lile, linapata muda wa kutoka. Na gia ndogo inafanya injini izungushwe na magurudumu badala ya kuyazungusha, ikabeba sehemu ya kazi na kuitupa kupitia rejeta na ekzosi.

Msimu mmoja palikuwa na binti ambaye baba yake ni dereva wa semi. Alikwenda nyumbani na swali hilo, akarudi na jambo ambalo sikuwa nimelifundisha: baba anasema gia inachaguliwa juu, kabla ya kuanza kushuka, katikati ya mlima haiguswi. Tukaliweka ubaoni. Dereva akikanyaga klachi kubadili gia, injini imeachana na magurudumu. Kama breki nazo zimeshachoka, kwenye mteremko ule lori linaongeza mita 0.49 kwa sekunde kila sekunde. Mpe sekunde tatu za kuhangaika na gia: mita moja na nusu kwa sekunde, zaidi ya kilomita 5 kwa saa juu ya ile aliyokuwa nayo, na sasa magurudumu yanazunguka kwa kasi nyingine, gia aliyoikusudia inagoma kuingia, na sekunde zinaendelea kuhesabiwa.